Mfumo endeshi mpya umechelewa tena: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila tarehe ya kutoka mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta kama Windows, inaposogezwa mbele, maswali huwa yale yale na hasira ile ile, nami nimechoka kuyajibu moja moja. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengi yanatokana na yaliyokwisha kutokea kwa mifumo mikubwa iliyotangulia, kwa sababu hakuna jipya sana katika kuchelewa huku isipokuwa jina la mfumo wenyewe.

Je, nina haki ya kukasirika, au ni utoto?

Unayo haki, ila angalia hasira inaelekea wapi. Kazi kuchelewa si dhambi; fundi yeyote hukwama. Kinachouma ni ahadi, na ahadi ni deni. Kuna aliyeahirisha kununua kompyuta kwa kuwa aliambiwa mfumo unatoka kabla ya mwisho wa mwaka. Kuna aliyekesha miezi akiandika programu inayotegemea kipengele ambacho hakijaonekana. Kuna ofisi iliyotenga fedha za mafunzo mwaka huu, na mwakani fedha hizo hazipo. Hawa wote hawakulazimisha tarehe, walipewa. Wakikasirika hawakosei.

Lakini yule aliye kazini saa sita usiku akifukuzana na hitilafu moja kwenye kerneli, kiini cha mfumo, siye aliyepanda jukwaani kutaja mwezi. Ukimtukana yeye unamwonea.

Basi kwa nini tarehe hutajwa kabla kazi haijaiva?

Kwa sababu tarehe ni silaha ya soko. Microsoft iliitangaza Windows ya kwanza Novemba 1983 na kuitoa Novemba 1985, miaka miwili baadaye. Wakati inatangazwa, Visi On, programu shindani ya kampuni ya VisiCorp, ilikuwa imekwisha kuonyeshwa hadharani tangu 1982, na mnunuzi aliyesikia kwamba Windows iko njiani alikuwa na sababu ya kufunga pochi na kusubiri. Ni katika miaka hiyo waandishi wa habari za kompyuta walipozoea kuziita bidhaa za namna hii mvuke: unauona, ukiushika haupo.

Ipo sababu nyingine iliyo halali. Wanaotengeneza printa, kadi za picha na vifaa vya mtandao wanahitaji muda wa kuandika draiva, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia kifaa. Wanaoandika programu wanahitaji kujua nini kitabadilika. Mfumo ukitolewa kwa siri, siku ya kwanza hakuna kitakachochapa wala kitakachotoa sauti. Kwa hiyo lazima watu waambiwe mapema.

Ila kuambiwa mapema si lazima kuwe na tarehe. Nimeona mara nyingi msemaji akibanwa kuhusu sababu ya kwanza, hujibu kwa kutumia ya pili.

Mfumo endeshi una ugumu gani ambao programu nyingine hazina?

Programu ya kuandikia barua ikikwama, unaifunga na kuifungua tena. Kerneli ikikwama, kila kitu kimesimama, pamoja na ile barua ambayo ulikuwa hujaihifadhi. Mfumo endeshi ndio unaogawa muda wa prosesa, unaogawa kumbukumbu, unaosoma na kuandika kwenye diski, unaoamua nani aone faili gani. Tena unafanya hayo juu ya vifaa ambavyo waandishi wake hawajawahi kuvigusa: bodi ya kampuni hii, kadi ya kampuni ile, kipanya cha miaka kumi iliyopita. Hitilafu inaweza kujificha mahali pamoja tu, pale kadi fulani inapokutana na draiva fulani wakati kompyuta inaamka kutoka usingizini. Hiyo huwezi kuikuta kwa kusoma msimbo ukiwa umeketi. Inakutwa na mtu mmoja kati ya maelfu, tena mara moja kwa wiki.

Kisha kuna mzigo wa zamani, na huu kwangu ndio mzito kuliko yote. Hakuna anayenunua mfumo endeshi ili autazame. Anautaka uendeshe programu alizo nazo, zikiwemo zilizoandikwa ovyo. Hadithi inayosimuliwa sana ni ya mchezo wa SimCity. Mchezo huo ulikuwa na kosa: ulisoma sehemu ya kumbukumbu ambayo ulikuwa umekwisha kuiachia. Kwenye mfumo wa zamani kosa hilo halikuonekana, maana sehemu ile haikuguswa na mtu mara moja. Kwenye Windows 95 iliyokuwa ikitengenezwa, mchezo ukaanguka. Wahandisi wangeweza kusema kosa si letu. Badala yake waliandika msimbo wa kuutambua mchezo huo na kuuendeshea kumbukumbu kwa namna ya pekee, kwa sababu walijua mnunuzi hatasema mchezo ni mbovu. Atasema mfumo mpya umeharibu mchezo wake. Zidisha kazi hiyo kwa maelfu ya programu, ndipo uulize kwa nini Windows 95 iliyokuwa ikitarajiwa mapema zaidi ilifika madukani tarehe 24 Agosti 1995.

Si waongeze watu wamalize?

Hapana. Jibu hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu. IBM ilitangaza kompyuta za System/360 Aprili 1964, na mfumo endeshi wake, OS/360, ukachelewa vibaya hata watu walipomiminwa juu yake. Fred Brooks, aliyeusimamia, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyokwisha kuchelewa huizidisha kuchelewa. Mgeni lazima afundishwe, na anayemfundisha ni yule yule mwenyeji uliyetaka amalize kazi. Halafu hesabu ya maelewano: watu 5 wana njia 10 za kuwasiliana wawili wawili, watu 50 wana njia 1,225. Mikutano huzaa mikutano.

Ni upi uliochelewa kwa kishindo zaidi?

Kila mtu ana wake. Wangu ni Longhorn, jina la ndani la kile kilichokuja kuitwa Windows Vista.

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. Longhorn ilikusudiwa iwe toleo dogo la katikati, karibu mwaka 2003, na toleo kubwa lifuate baadaye. Lakini kila timu ilikuwa na kipengele chake cha kuingiza, na toleo dogo likaanza kunenepa: njia mpya ya kuhifadhi data iliyoitwa WinFS, njia mpya ya kuchora skrini, njia mpya ya programu kuzungumza. Agosti 2003 mnyoo uitwao Blaster, yaani programu hasidi inayojieneza yenyewe, ukaenea kwenye kompyuta za Windows duniani kote. Wahandisi wengi wakavutwa kwenda kuziba matundu ya XP, kazi iliyozaa Service Pack 2, kifurushi kikubwa cha masasisho, Agosti 2004. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba WinFS haitakuwemo kwenye Longhorn. Na ndani ya kampuni, ujenzi ukaanzwa upya juu ya msimbo wa Windows Server 2003, toleo la Windows la kompyuta za seva.

Hapo ndipo nisimamapo kila nikiisoma habari hii. Miaka mitatu ya kazi, kisha mnabomoa hadi msingi. Kwa waliokuwa nje wakingojea ilionekana ni uzembe. Kwa waliokuwa ndani nadhani ilikuwa nafuu, maana nyumba iliyopinda haisimamishwi kwa rangi.

Machi 2006 ikatoka taarifa kwamba wanunuzi wa kawaida hawataupata kabla ya Januari 2007. Maana yake msimu wa sikukuu, ambao wauza kompyuta huutegemea mwaka mzima, ungepita bila mfumo mpya. Vista ilifika madukani tarehe 30 Januari 2007. Tangu XP ilikuwa miaka mitano na miezi mitatu.

Je, mfumo unaweza kungojewa halafu usitoke kabisa?

Unaweza. Apple ilitangaza Copland mwaka 1994, uje uchukue nafasi ya mfumo wa Macintosh ambao programu moja ikianguka iliweza kuiangusha kompyuta nzima. Vipengele vikaongezeka, vipande havikukaa pamoja, na Agosti 1996 mradi ukafutwa. Desemba mwaka huo Apple ikakubali kuinunua kampuni ya NeXT, pamoja na mfumo wake uliokuwa tayari unafanya kazi, na pamoja na Steve Jobs. Kutoka hapo Mac OS X 10.0 ilichukua hadi tarehe 24 Machi 2001. Hebu hesabu: mtumiaji aliyeahidiwa mfumo wa kisasa mwaka 1994 aliupata baada ya miaka saba, na haukuwa ule alioahidiwa.

Karibu na zama zetu, Windows 10X ilionyeshwa Oktoba 2019 kwa ajili ya kompyuta za skrini mbili. Mei 2021 ikawekwa kando.

Na kuna unaongojewa hadi leo?

GNU Hurd. Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi huria, Septemba 1983, na kazi ya kerneli yake, Hurd, ilianza mwaka 1990. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kwamba anatengeneza mfumo kwa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa wala wa kitaalamu kama GNU. Mfumo wake ni Linux, unaoendesha seva na simu zisizo na idadi. Hurd haijafika toleo 1.0.

Haiku nayo, inayofuata nyayo za BeOS, mfumo wa miaka ya 1990, ilianza mwaka 2001 na bado toleo lake la kwanza kamili liko kwenye majaribio. Lakini Haiku siilalamikii. Ni kazi ya watu wachache wanaojitolea, na hawakumwomba mtu aahirishe jambo kwa ajili yao.

Mbona wengine hutoa toleo kila miezi sita bila kukosa?

Kwa sababu wamegeuza swali. Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, hutoka kila Aprili na Oktoba; OpenBSD, mfumo mwingine huria, nayo kila baada ya miezi sita hivi. Kwao tarehe ndiyo iliyofungwa, na vipengele ndivyo vinavyongoja: kilichoiva kinapanda basi, ambacho hakijaiva kinangoja basi lijalo. Hata hivyo nao huteleza. Ubuntu iliyopangwa kutoka Aprili 2006 ilitoka Juni, na kwa kuwa namba yake ni mwaka na mwezi, inaitwa 6.06 badala ya 6.04.

Debian, mfumo mwingine wa Linux, kwa desturi hukataa kutaja tarehe mapema: itatoka ikiwa tayari. Watu waliicheka sana kati ya Julai 2002 na Juni 2005, karibu miaka mitatu kati ya toleo moja na lingine. Lakini haikumdanganya mtu, na mimi namheshimu zaidi anayesema sijui kuliko anayenipa mwezi wa kunituliza.

Afadhali uchelewe kuliko utoke mbovu, sivyo?

Hoja hii hupendwa na wanaotetea kampuni, na ni kweli nusu tu. Ukweli wake unaonekana Oktoba 2018, sasisho la Windows 10 lilipotolewa kisha likasimamishwa siku chache baadaye kwa sababu lilikuwa likifuta faili za baadhi ya watumiaji. Lilirudi Novemba. Yeyote aliyepoteza picha zake hapo angekubali kungoja mwezi mwingine bila kunung'unika.

Uongo wake unaonekana kwenye Vista. Ilichelewa sana, na ilipotoka watu bado walilia: draiva hazikuwa tayari, kompyuta nyingi hazikuwa na nguvu ya kuibeba, na maonyo ya usalama yaliuliza ruhusa kwa kila jambo dogo. Muda uliongezwa, lakini muda mwingi ulikuwa umekwisha kuliwa na vitu vilivyotupwa. Kwa hiyo usiulize umechelewa kiasi gani. Uliza huo muda walikuwa wakifanya nini.

Kipengele nilichokuwa nakingojea kimeondolewa. Kitarudi?

Kikisemwa "kitakuja na sasisho la baadaye", usikipangie kazi. WinFS ilisemwa itakuja peke yake baadaye. Juni 2006 ikaachwa.

Nimesoma tarehe "imethibitishwa". Niamini?

Soma maneno, usisome kichwa cha habari. "Nusu ya pili ya mwaka" maana yake ni Desemba, kama bahati ipo. "Tunalenga" maana yake wanajua kuna jambo halijatatuliwa. Tarehe huanza kuwa na uzito pale wanaposema vipengele vimefungwa, hakiongezwi kingine, sasa ni kurekebisha hitilafu tu. Ikifuata nakala wanayoiita teule, yaani ile itakayotoka kama hakuna kitakachovunjika, hapo unaweza kuanza kusafisha diski. Na ikisemwa msimbo umekamilika na kupelekwa kwa watengenezaji wa kompyuta, bado kuna wiki kadhaa: Vista ilikamilika tarehe 8 Novemba 2006, na wanunuzi wa kawaida waliiona mwisho wa Januari.

Wakati mwingine sababu ya kuchelewa haimo ndani ya mfumo kabisa. Aprili 2007 Apple ilisema Mac OS X Leopard itasogea kutoka Juni hadi Oktoba, kwa sababu wahandisi wake walihamishiwa kwenye iPhone. Waliokuwa na Mac walilipia simu ya mtu mwingine kwa miezi minne ya kungoja. Angalau walielezwa sababu waziwazi, na ikatoka Oktoba kweli.

Nisakinishe toleo la majaribio ili nipunguze kiu?

Si kwenye kompyuta unayoitegemea. Kama unayo ya pili, au unaweza kuuendesha ndani ya kompyuta pepe, yaani ile inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, endelea, ila chukua nakala rudufu kwanza na uijaribu kuirejesha. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu haina tofauti na kutokuwa nayo. Kumbuka pia kwamba kurudi nyuma kutoka toleo la majaribio mara nyingi ni kufuta kila kitu na kuanza upya.

Na nakala iliyovuja?

Usiguse. Anayeigawa hakuombei mema.

Ninunue kompyuta sasa au ningoje?

Kama unaihitaji kwa kazi, nunua sasa ile inayofanya kazi vizuri na mfumo uliopo leo. Chochote juu ya hapo kihesabu kuwa ni bahati. Usinunue kwa kuamini kibandiko. Mwaka 2006 kompyuta nyingi ziliuzwa zikiwa na kibandiko cha kusema zinaweza kuendesha Vista, na baadhi yake ziliweza tu toleo la chini kabisa, lisilo na ule mwonekano mpya uliokuwa kwenye matangazo yote. Kesi ilifunguliwa Marekani mwaka 2007. Angalia mahitaji ya mfumo kamili, si "kiwango cha chini", na uongeze kumbukumbu juu yake.

Umetoka, mwenzangu ameupata, mimi bado. Kwa nini?

Husambazwa kwa awamu makusudi. Wanaupeleka kwanza kwenye aina za kompyuta zisizo na matatizo yanayojulikana, wanatazama ripoti, kisha wanapanua. Ukiwa na kadi au programu inayojulikana kugombana na mfumo mpya, huzuiwa hadi irekebishwe. Hapa kuchelewa kunakusaidia, hata kama hakupendezi. Kulazimisha ni kujitia kwenye kundi la wanaojaribiwa.

Mfumo wangu wa zamani utaendelea kulindwa wakati nangoja?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe la kwanza, na huulizwa la mwisho. Tafuta tarehe ya mwisho wa viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu, ya mfumo ulio nao. Tofauti na tarehe ya kutoka mfumo mpya, hii mara nyingi hutimizwa. Kuchelewa kwa mrithi wakati mwingine humrefushia maisha mzee: XP ilipata viraka hadi tarehe 8 Aprili 2014, zaidi ya miaka kumi na miwili tangu itoke. Usitegemee hivyo kila mara. Windows 10 ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na waliokuwa wakingoja "kitu bora zaidi" walibaki kutafuta njia siku ile ile. Tarehe ya viraka ikifika kabla mfumo unaoungojea haujaonekana, hama kwenda kwenye mwingine uliopo, hata kama si wa ndoto zako.

Kulalamika kunasaidia?

Kulalamika kwamba mmechelewa hakusaidii, wanajua. Ripoti ya hitilafu husaidia ikiwa ina vitu vitatu: ulifanya nini hatua kwa hatua, ulitarajia nini, kikatokea nini. Weka namba ya toleo na aina ya kifaa. Ripoti inayosema "printa haifanyi kazi, aibu kwenu" haimfikishi mtu popote.

Mimi niliwahi kutuma moja iliyokamilika, hatua tisa, na picha za skrini. Ilifungwa kesho yake kwa kuwa ni marudio ya nyingine iliyokwisha kuripotiwa. Nikaifuata hiyo nyingine. Ilikuwa na umri wa miaka miwili, ilikuwa wazi bado, na chini yake watu kadhaa walikuwa wameandika sentensi moja ile ile: hata mimi. Nikaongeza ya kwangu.